KIZUNGUZUNGU CHA SIJIDA: SOMO JUU YA MARADHI YA SIKIO LA NDANI

Somo letu la mara hii tumelielekeza kwenye maradhi yanayowapata watu wengi katika miji yetu, khasa waliovuka miaka 50, wala hayatajwi ila kwa kunong'onezana. Twayaeleza kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba maradhi haya yana dawa nyepesi isiyotaka kukatwa wala vidonge. Ya pili ni kwamba kwa kutoyajua, watu wamedhulumiwa heshima zao, na sisi wenyewe tulikuwamo katika dhuluma hiyo.

Kuna mama yetu mmoja, mtu mzima, ambaye tangu utoto wetu twamjua kuwa hapitwi na sala. Alfajiri moja, aliposhuka kusujudu, aliona msala umeinuka na nyumba yote inazunguka kama jahazi lililokatika nanga. Akaanguka ubavu. Baada ya kitambo kisichotimia dakika moja, mambo yakatulia. Akaanza sala upya. Alipoweka paji la uso chini, dunia ikazunguka tena. Na usiku wake, alipogeukia upande wa kulia kitandani, hali ikamrudia ile ile hata akatapika.

Khabari zilipotoka nje, kila mtu akasema lake. Majirani walisema kwamba ana pepo asiyependa sala. Na hoja yao ni kuwa pepo huyo humwangusha katika sijida, wala hamwangushi akiwa jikoni anapika. Akaletwa mganga, akataka mbuzi, ubani na fedha; bangili ya mama ikauzwa. Mwengine akasema lililo zito zaidi, kwamba huyu ana dhambi aliyoificha na ardhi inamkataa. Maneno haya yakamfikia mwenyewe, akajifungia ndani, akawa haonekani harusini wala matangani.

Alimtuma mjukuu wake atuite. Tulipofika alituuliza: "Mwanangu sheikh, Mola wangu amenikataa?" Tukamjibu kwamba Mola hamkatai mja wake anayemwelekea, na jawabu hilo lilikuwa haki. Lakini tukaongeza neno la pili: tulimwambia kuwa huo ni wasiwasi tu, basi na ajikaze, asujudu kwa nguvu wala asijali. Neno hili tulilisema bila ya ilimu. Mama yetu alitutii, na siku ya tatu akaanguka juu ya kizingiti, akavunjika kifundo cha mkono.

Alipopelekwa hospitali kufungwa mkono, daktari kijana hakutosheka na kuufunga. Alimwuliza: "Bibi, ulianguka kwa sababu gani?" Alipoelezwa yote, alimlaza kitandani, akamgeuza kichwa, akamtazama macho, kisha akamgeuza tena kwa hatua, akamkalisha. Kazi yote haikuchukua robo saa. Alfajiri ya pili yake, mkono ungali umefungwa, mama yetu aliweka paji la uso chini na nyumba haikuzunguka. Alilia, na tulipopata khabari tuliona haya. Ndipo tukaona ni wajibu wetu kujifunza jambo hili na kulifundisha.

1. MAANA YA KIZUNGUZUNGU

Yafaa tujue kwanza kwamba kizunguzungu si ugonjwa mmoja, bali ni dalili ya magonjwa mengi, kama vile homa ilivyo dalili. Na watu wetu huita kwa jina hili mambo matatu yaliyo mbalimbali. La kwanza ni mtu kuona vitu vinamzunguka, au yeye mwenyewe anazunguka, na hali vimetulia. La pili ni macho kuingia giza na mtu kutaka kuzimia, kama inavyompata mwenye kusimama ghafla. Aghlabu hili hutokana na damu kupungua shindo, au upungufu wa maji mwilini, au baadhi ya dawa za presha. La tatu ni miguu kuyumba bila ya kichwa kuzunguka. Kwa hivyo mgonjwa akimwambia tabibu "nina kizunguzungu" akanyamaza, hajamwambia kitu. Na aeleze anaona nini, muda gani, na akiwa katika hali gani.

Waarabu wakikiita kizunguzungu duwari, na tabibu mkubwa Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikijadili katika kitabu chake cha Qanun pamoja na maradhi ya kichwa. Wenzetu wa kale, basi, hawakuona haya kuyatazama maradhi haya kwa jicho la utabibu.

2. SIKIO LINA KAZI MBILI

Wengi wetu twadhani kwamba sikio ni la kusikia tu. Sikio la ndani, lililozikwa katika mfupa mgumu wa fuvu, lina kazi mbili. Sehemu moja, iliyojikunja kama konokono, ni ya kusikia. Sehemu ya pili ni mizani ya mwili: ndiyo imwambiayo mtu kichwa chake kimeinama au kimesimama, kinakwenda au kimetulia.

Mizani hiyo ina vyombo vya namna mbili. Kuna mifereji mitatu iliyopinda kama nusu duara, kila mmoja umeelekea upande wake, na ndani yake mna maji. Kichwa kinapogeuka, mfereji hugeuka pamoja nacho, lakini maji huchelewa kidogo nyuma. Mwenye kutaka kuliona jambo hili na achukue bakuli la maji, aweke jani juu yake, kisha azungushe bakuli ghafla: ataona bakuli limegeuka na jani lingali mahali pake. Kuchelewa huko kwa maji husukuma kiwambo laini kilichomo ndani ya mfereji, na mishipa ya fahamu hupeleka khabari kwenye ubongo kuwa kichwa kimegeuka.

Kisha kuna vifuko viwili, na ndani yake mna vijiwe vidogo mno vya chokaa, visivyoonekana kwa macho matupu, vimekaa juu ya utando unaonata. Kichwa kinapoinama, vijiwe hivi kwa uzito wake huvuta utando, na ubongo hupata khabari ya kuinama. Basi mifereji ni ya kujua kugeuka, na vijiwe ni vya kujua kuinama na kwenda mbele na nyuma. Kila kimoja kina kazi yake na mahali pake.

Mambo haya hayakujulikana kwa siku moja. Mnamo mwaka 1824 mtaalamu wa Ufaransa, Pierre Flourens, alionyesha kwamba njiwa aliyekatwa mifereji hiyo hupoteza mizani yake, akazunguka na kupepesuka, ingawa kusikia angali anasikia. Na mwaka 1861 tabibu Prosper Ménière, aliyekuwa tabibu mkuu wa chuo cha viziwi mjini Paris, aliwaeleza wenzake kwamba kizunguzungu kikali chaweza kutoka sikioni, wakati ambapo wao wakikihesabu kuwa ni ugonjwa wa ubongo.

3. FARUMI ILIYOHAMA

Sasa na tuje kwenye maradhi yenyewe. Watu wa bahari wajua farumi, ule uzito wa mawe au mchanga uwekwao chini ya chombo ili kisipinduke. Farumi ikikaa mahali pake chombo hutulia. Ikihama ikaenda upande, chombo huyumba hata bahari ikiwa shwari.

Vijiwe vya sikio ni mfano wa farumi. Kwa uzee, au kwa pigo la kichwani, au kwa kulala kitandani siku nyingi kwa ugonjwa, au pasina sababu ijulikanayo, baadhi ya vijiwe hubanduka, vikaingia katika mmojawapo wa mifereji, na mara nyingi ni ule wa nyuma. Humo si mahali pake. Mtu akikaa sawasawa, vijiwe hutulia chini ya mfereji naye huona hana ugonjwa. Akilala, au akigeuka kitandani, au akitazama juu kuchukua kitu rafuni, au akiinama, vijiwe huporomoka ndani ya mfereji na kuyasukuma maji. Ubongo hupata khabari ya uongo kwamba kichwa kinazunguka, na hali hakizunguki. Macho yasema mmetulia, sikio la upande wa pili lasema mmetulia, na sikio lenye ugonjwa lasema mnazunguka. Kwa kugongana huku kwa mashahidi ndiko mtu hupata kizunguzungu na kichefuchefu.

Vijiwe vikishafika chini ya mfereji, maji hutulia. Ndiyo sababu kizunguzungu hiki hakidumu; aghlabu hakitimizi dakika moja. Na kwa kuwa sehemu ya kusikia haikuguswa, mgonjwa hapotezi usikivu wala masikio hayamvumi kwa ajili yake.

Hapa na turejee kwenye hoja ya majirani. Walisema: mbona humwanguka sijidani wala si jikoni? Swali lilikuwa zuri, lakini jawabu walilolitoa lilikuwa baya. Mwenye kupika aghlabu kichwa chake kimesimama. Mwenye kusujudu hukipindua kichwa hata kikawa chini. Lau kama wangemwuliza zaidi, wangelijua kuwa alipatwa pia kitandani akiwa usingizini, na alipatwa akianika nguo kwa kutazama kamba juu. Je, pepo huyo huchukia sala na kamba ya nguo pia? Mambo yote hayo yakusanywa na jambo moja tu, nalo ni kugeuka kwa kichwa.

4. JINSI DAWA ILIVYOPATIKANA

Aliyeyaeleza maradhi haya waziwazi kwa wataalamu wa zama zetu ni Robert Bárány, tabibu mzaliwa wa Vienna. Yeye alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa utafiti wake wa mizani ya sikio, na khabari hiyo ilimkuta akiwa mateka wa vita mikononi mwa Warusi. Mwaka 1921 alieleza khabari za mgonjwa ambaye kizunguzungu kilimjia kwa kulazwa ubavu. Mwaka 1952, huko London, Margaret Dix na Charles Hallpike walitoa njia ya kuupima ugonjwa huu, nayo ndiyo itumikayo hata leo. Mwaka 1969 Harold Schuknecht wa Marekani alieleza kuwa sababu yake ni vijiwe vilivyobanduka.

Hatimaye akatokea tabibu wa mji wa Portland, Marekani, jina lake John Epley. Yeye alifikiri hivi: ikiwa vijiwe vimeingia mferejini kwa njia, basi vyaweza kutolewa kwa njia iyo hiyo, kwa kukigeuza kichwa hatua kwa hatua na kuuacha uzito wa vijiwe ufanye kazi. Alianza kuwaonyesha wenzake mwaka 1980, na wengi hawakumsadiki, kwa kuwa waliona ni jambo jepesi mno. Maelezo yake yalichapishwa katika jarida la utabibu mwaka 1992, na leo njia yake yafundishwa ulimwenguni kote. Tuzingatie hapa: hata wenye ilimu huweza kuikataa haki kwa sababu tu imewajia kwa sura nyepesi.

5. KUPIMA NA KUTIBU

Tabibu humkalisha mgonjwa kitandani, akamgeuza kichwa upande mmoja kwa nusu ya pembe mraba, yaani digrii 45, kisha akamlaza upesi chali, kichwa kikining'inia kidogo nje ya ukingo. Ikiwa sikio la upande huo ndilo lenye ugonjwa, baada ya sekunde chache kizunguzungu huja, na macho huonekana yakicheza kwa kuzunguka. Macho hayo ndiyo shahidi, nayo hayawezi kuigizwa. Kwa hivyo yeyote asemaye kuwa mgonjwa wa namna hii anajisingizia, amedhulumu.

Matibabu huendelea kutoka hapo. Tuseme ni sikio la kulia. Mgonjwa amelala chali na kichwa kimegeukia kulia. Huachwa hivyo nusu dakika au dakika moja hata kizunguzungu kiishe. Kisha kichwa hugeuzwa pole pole kielekee kushoto, kikangojwa vile vile. Kisha mwili wote hugeuzwa kwa ubavu wa kushoto hata uso uelekee sakafuni, kikangojwa tena. Mwisho mgonjwa huinuliwa kuketi, kidevu kimeinama. Kwa mzunguko huo vijiwe hutoka mferejini na kurejea katika kifuko chake. Walio wengi hupona kwa mara moja au mara chache.

Twatoa nasaha tatu juu ya jambo hili. Kwanza, lisifanywe mara ya kwanza ila kwa mkono wa mwenye kulijua, ili lijulikane ni sikio lipi na ni mfereji upi. Na mwenye maradhi ya shingo au ya mishipa ya damu ya shingo asiguswe kabla ya kumweleza daktari. Pili, vidonge vya kizunguzungu hupunguza kichefuchefu, lakini havivirejeshi vijiwe mahali pake. Mtu kuvimeza mwezi baada ya mwezi ni kujitia usingizi na kujiongezea khatari ya kuanguka. Tatu, maradhi haya huweza kurejea baada ya miezi au miaka. Yakirejea si kwamba dawa ilikuwa ya uongo. Ni vijiwe vyengine vimebanduka, na matibabu ni yale yale. Wataalamu wameona pia kwamba wenye upungufu wa vitamini D hurejewa zaidi, basi mwenye kurejewa mara kwa mara na amwulize daktari juu ya hilo.

6. YANAYOFANANA NAYO, NA YALIYO YA KHATARI

Si kila kizunguzungu ni cha vijiwe. Kikidumu mchana na usiku kwa siku kadhaa bila ya kukatika, huenda ni uvimbe wa mshipa wa fahamu wa sikio. Kikidumu kwa saa, pamoja na sikio kuziba, kuvuma na kupungua usikivu, huenda ni ule ugonjwa unaoitwa kwa jina la Ménière. Tena ziko dawa zinazoweza kuidhuru mizani ya sikio, kama vile sindano za jentamisini. Mwenye kuzitumia akaona anayumba na amwambie tabibu upesi.

Lakini kizunguzungu kikija pamoja na mojawapo ya mambo haya, mgonjwa asingoje mtu wala dawa ya nyumbani, apelekwe hospitali saa ile ile: uso kupinda, ulimi kuwa mzito, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, kuona vitu viwili viwili, kushindwa kabisa kusimama au kutembea, kichwa kuuma ghafla kwa namna asiyoizoea, kuzimia, kifua kuuma, au sikio kuziba usikivu kwa ghafla. Hizo huweza kuwa dalili za kiharusi au maradhi ya moyo, na humo kila dakika ina thamani yake.

7. SALA YA MWENYE KIZUNGUZUNGU

Swali lililobaki ni lile la mama yetu: na afanye nini mtu kabla ya kupona? Dini yetu haikumwacha bila ya jawabu. Ni maarufu katika Sahihi ya Bukhari kwamba Imran bin Huswain, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alikuwa na maradhi, akamwuliza Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, juu ya sala. Akafundishwa kwamba asali kwa kusimama, asipoweza asali kwa kukaa, na asipoweza asali kwa ubavu. Na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Kishafii wamekitaja kizunguzungu kwa jina lake: wamesema kuwa aliyemo chomboni baharini, akichelea kichwa kuzunguka kwa kusimama, ana ruhusa ya kusali hali ya kukaa. Basi ikiwa msafiri wa jahazi amepewa ruhusa hiyo, itakuwaje aliye nchi kavu na jahazi limo ndani ya sikio lake?

Kwa hivyo asiyeweza kusujudu kwa maradhi haya na ainame kadiri awezavyo, na kuinama kwa sijida kuwe chini zaidi kuliko kwa rukuu. Anayeweza kusimama asiache kusimama, kwani kilichoshindikana hakiondoi kilichowezekana. Wala asihuzunike kuwa thawabu zake zimepungua, kwani tumefundishwa kwamba mgonjwa huandikiwa yale aliyokuwa akiyafanya katika uzima wake. Na anayemwona mwenziwe amekaa kitini katika safu asimhesabie. Hajui ni farumi gani iliyohama.

Ama kutafuta dawa, hilo halipingani na kutegemea. Mtume wetu ametufundisha kuwa hapana ugonjwa ulioteremshwa ila umeteremshiwa na dawa yake. Aombaye dua kisha akaenda kwa tabibu amefuata mafunzo hayo. Aendaye kuuza bangili ya mama yake kwa ajili ya mbuzi wa mganga hakufuata dini wala utabibu.

8. KWA WENZETU WENYE KUULIZWA

Neno letu la mwisho twawaelekezea wenzetu ambao watu huwajia na mashaka yao: maimamu, walimu wa vyuo, na wazee wa mitaa. Mgonjwa akitujia, tuulize kabla ya kujibu. Tumwulize: kinakujia ukiwa katika hali gani? Kinadumu muda gani? Umepata kuanguka? Na tukiwa hatujui, tuseme hatujui, tumwelekeze kwa ajuaye. Sisi tulipojibu tusilolijua, jawabu letu lilimvunja mkono mtu aliyetuamini. Tumekwenda kumwomba radhi, naye ametusamehe. Lakini mkono wake wa kulia hadi leo haukunjuki sawasawa.

Masuala ya kujibiwa katika darasa:
1. Taja kazi mbili za sikio la ndani.
2. Kwa nini kizunguzungu cha vijiwe hakitimizi dakika moja?
3. Ni dalili zipi ambazo mwenye kizunguzungu akiwa nazo hupelekwa hospitali bila ya kungoja?
4. Vipi atasali mtu anayeweza kusimama wala hawezi kusujudu?